Kiingereza cha Kidato cha Tano na Goti la Bibi

Siku majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yalipotoka, nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya zizi letu kule Gendabi, chini ya Mlima Hanang, simu ya baba mkononi. Hapo ndipo mahali pekee nyumbani kwetu ambapo mtandao ulikuwa unafika bila kubembelezwa. Nikaliona jina langu. Nimepangiwa shule ya wasichana upande wa Mbulu, bweni, tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Niliteremka kichuguu kwa makalio ili niwahi kuwaambia watu.

Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Aliweka panga chini akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Mama akapiga vigelegele hadi mbuzi wakakimbia. Ni bibi peke yake, mama yake baba, aliyebaki kwenye kigoda chake akichambua maharage kama vile hakuna jambo.

"Unakwenda kusoma nini?" akaniuliza kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani tu, na hata hicho alikitumia pale alipobanwa.

"Kiingereza, bibi. Na Historia, na Kiswahili."

"Kiingereza si ulikuwa unakisoma tangu hujang'oa meno ya utotoni?"

"Ndiyo."

"Na sekondari, miaka minne, si walikuwa wanawafundisha kwa hicho hicho?"

"Ndiyo, bibi."

"Na bado hujakimaliza?"

Baba akajaribu kunisaidia. "Mama, hiki sasa ni Kiingereza cha juu."

"Cha juu ya nini?"

Baba akaokota panga lake akarudi kwenye mpini.

Bibi alikuwa na sababu ya kununa. Miaka minne alikuwa amewatangazia majirani wote, wakulima wenzetu wa upande huu na wafugaji wa ng'ambo ya korongo, kwamba mjukuu wake atakuwa daktari na atakaa Haydom kwenye hospitali kubwa, na wao wakija kutibiwa watapita mlango wa mbele. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nikawa nimepata D ya Kemia, na hata hiyo D nadhani msahihishaji alinionea huruma. Sasa bibi alikuwa na kazi ya kuwazungukia majirani wale wale na kuwaeleza kwamba mtoto anakwenda miaka miwili mingine kuongea.

Nilifika shuleni mwezi wa saba, wakati baridi ya Mbulu haina mzaha. Tulikuwa tunaamka na kukuta maji ya ndoo yana ukali wa wembe, tunaingia darasani tumevaa masweta mawili mawili na soksi za mpira mikononi. Kwa somo la Kiingereza baridi ile ilikuwa na faida yake. Wiki ya kwanza tulifundishwa sauti zinazotamkwa kwa kutetemesha hewa kati ya meno, na darasa zima lilizitoa bila juhudi.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mwanamume mfupi wa makamo kutoka Kanda ya Ziwa, suruali yake imepigwa pasi mistari ikasimama. Aliipenda lugha ile kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akipenda kitu kisicholiwa. Ila L na R zilikuwa zimemtoroka tangu utotoni, moja ikikaa mahali pa nyingine, na yeye alilijua hilo akalisema mwenyewe siku ya kwanza kabla hatujamcheka.

"Mimi ni kama deleva mwenye gali bovu," alisema. "Nyie angalieni balabala. Msiangalie gali."

Alikuwa na sheria moja, nasi tuliiita hatua kumi. Mtu yeyote akiwa ndani ya hatua kumi kutoka alipo yeye, anaongea Kiingereza, awe anaomba ruhusa, awe analia, awe anaota. Nje ya hatua kumi, uhuru. Hakuhitaji kupima, jicho lake lilikuwa futi kamba. Matokeo yake ni kwamba popote alipopita uwanjani palikuwa na duara tupu lenye yeye katikati. Wasichana mia tatu tulikuwa tunamzunguka kwa mbali kama kuku wanaomzunguka mtu mwenye mwiko. Tulimwamkia kutoka hatua ya kumi na moja, kwa sauti ya juu, "Shikamoo, Sir!" halafu tunageuka haraka kabla hajapiga hatua moja mbele. Naye alijifunza kupiga hatua hiyo huku akiitikia marahaba.

Mwenzangu wa dawati hakuwa na shida na hatua kumi. Alitoka kwenye familia ya wafugaji wa Kibarabaig huko tambarare za Hanang, msichana mrefu, mtulivu, na alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Hakutoa sentensi ya Kiingereza mpaka iwe imekamilika kichwani, imekaguliwa, na kuthibitishwa. Ukimuuliza saa moja asubuhi kama anataka uji, anakutazama kwa upole, na jibu unalipata mkiwa kipindi cha pili. Lakini jibu lenyewe lilikuwa halina doa. Sisi wengine tulikuwa tunarusha maneno kama mtu anayefukuza ndege shambani, mengi yanaangukia popote.

Mwezi wa pili wa masomo mwalimu akaleta darasani chati kubwa ya sauti za lugha za dunia. Aliibandika ukutani kwa uji wa mahindi, maana gundi ilikuwa imekwisha, akaanza kutupitisha kwa fimbo, sauti ya midomo, sauti ya meno, sauti ya koo. Alipofika kwenye kisanduku kimoja akashusha fimbo.

"Hii," alisema kwa Kiingereza, akaikunjia uso kama mtu aliyekutana na mdeni wake, "ni sauti ya pembeni mwa ulimi. Ncha inakaa juu, hewa inapita kando. Kiingereza hakina. Kiswahili hakina. Mimi chuoni nilijaribu muhula mzima mate yakaniishia. Msijisumbue nayo, hamtaisikia maishani mwenu. Tuendelee."

Robo tatu ya darasa tulikuwa Wairaqw. Tukatazamana. Halafu msichana mmoja wa dawati la nyuma, bila kukusudia, kama mtu anayejaribu ufunguo, akasema taratibu neno letu la ng'ombe, linaloanza na sauti ile ile: *slee*.

Mwalimu akageuka. "Nani amefanya hivyo?"

Nadhani alifikiri ni utovu wa nidhamu. Yule msichana akasimama, akalisema tena. Aliyekaa mbele yake akalisema. Likaenda dawati kwa dawati, *slee, slee, slee*, mpaka darasa likawa linafoka kama sufuria kumi za maziwa. Mwalimu alitoka mbele ya ubao akawa anapita katikati yetu ameinamisha kichwa, anatega sikio kwenye mdomo wa mmoja, kisha wa mwingine, macho yamemtoka.

"Mmejifunzia wapi?"

"Nyumbani, Sir," tukajibu.

"Wote?"

"Wote, Sir."

Akavuta kiti akakaa, akatuomba tumfundishe. Kipindi kile kilikuwa cha dakika themanini, na hatukufika kisanduku kingine. Alisema *shee*. Alisema *lee*. Alisema kitu ambacho mwenzangu wa dawati, ambaye Kidatooga chake, lugha ya Wabarabaig, hakina sauti ile na alikuwa anajaribu kimya kimya pembeni yangu, alikicheka mpaka akaangusha kalamu. Wiki nzima baadaye tulimwona mwalimu akitembea peke yake kwenye duara lake akipuliza mashavu. Jumamosi alikwenda kuulizia maziwa kwa mama mmoja karibu na shule, akamtajia ng'ombe kwa Kiiraqw. Yule mama alimtazama kwa huruma akamwambia, "Pole, baba. Ni jino?"

Alitusimulia mwenyewe Jumatatu, tena akiwa amefurahi.

Kwa kuwa nimetaja ng'ombe, nisiendelee kabla sijaeleza ng'ombe wa kabichi. Shule ilikuwa na bustani, na kila mchana msichana mmoja aliwekwa zamu ya kuilinda. Siku hiyo mlinzi alikuwa mwenzangu wa dawati, na mwalimu wa zamu alikuwa yule yule wa hatua kumi. Ng'ombe wa jirani akapenya kwenye uzio. Mwenzangu angeweza kumswaga mwenyewe, maana amekulia nyuma ya mifugo kuliko sisi wote, lakini kanuni ya shule ilisema mnyama akiingia usimguse, toa taarifa kwanza, kwa sababu mwaka uliopita palitokea ugomvi na mwenye mbuzi. Basi akaenda ofisini, akasimama mlangoni, ndani ya hatua kumi.

Mimi nilikuwa hapo nasubiri kusainiwa karatasi ya ruhusa, kwa hiyo niliona yote.

"Sema," mwalimu akamwambia kwa Kiingereza.

Mwenzangu akatazama dari. Mwalimu hakuwa mtu wa kumkatisha mwanafunzi anayejenga sentensi, aliona hiyo ni dhambi. Akaweka kalamu chini, akakunja mikono, akasubiri. Kupitia dirishani nilikuwa namwona ng'ombe amemaliza tuta la kwanza. Nikafungua mdomo.

"Muache!" mwalimu akanikemea. "Anakuja!"

Ng'ombe akaingia tuta la pili. Mwenzangu akavuta pumzi, akaikagua sentensi mara ya mwisho, nikaona midomo yake inapita juu ya maneno bila sauti. Ng'ombe alikuwa ametoka tuta la pili na anaonja la tatu.

"Sir," hatimaye akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula, "ng'ombe amekuwa akila kabichi zetu tangu nilipoanza kuitafuta sentensi hii."

Mwalimu akasimama. Sikumwona akitazama dirishani hata kidogo. "Mmesikia?" akawauliza walimu wenzake. "Mmesikia njeo ile ya kitenzi? Imekamilika na inaendelea!" Akampa mkono. Mkuu wa shule, mama mkali aliyekuwa anaipenda bustani ile kuliko njeo, ndiye aliyetoka mbio na khanga mkononi kumfukuza ng'ombe. Tulikula maharage bila kabichi mpaka tukafunga shule.

Tulipokuwa tunafunga Desemba, mwalimu alitupa kazi ya likizo. Tulikuwa tumeanza mada ya tafsiri na ukalimani, na kila mmoja alitakiwa kutafuta mazungumzo ya kweli kati ya watu wawili wasioelewana, awe mkalimani wao, moja ya lugha hizo iwe Kiingereza, kisha aandike ripoti ya kurasa mbili. Kanuni alitupa tatu. Usiongeze. Usipunguze. Na msemaji anaposema "mimi", na wewe sema "mimi".

Gendabi nzima sikumjua mtu wa kumpata aongee Kiingereza kwa hiari yake. Likizo ikaanza kwenda, ripoti haina hata kichwa cha habari. Bahati yangu goti la bibi likavimba. Baba akasema nimpeleke Haydom, nami nikaweka daftari kwenye mkoba kabla ya nguo.

Tulipanda basi na wagonjwa wengine, tukafika, bibi akapimwa, akaambiwa goti limejaa maji, akapewa dawa na maelekezo ya kulipumzisha. Basi la kurudi lilikuwa kesho yake, na usiku tungelala kwa shangazi. Kwa hiyo saa nane mchana tulikuwa tumekaa kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi, tunakunywa chai ya maziwa, fimbo ya bibi imeegemezwa ukutani.

Akaingia mama wa Kizungu, nywele nyeupe, umri kama wa bibi, anachechemea, ameshika fimbo mbili nyembamba za chuma. Meza zote zilikuwa zimejaa.

"Maskini," bibi akasema. "Mimi fimbo moja, yeye mbili. Mwite akae."

Nikamwita kwa mkono. Akaja, akanitazama mimi, akatabasamu, akasema kwa nguvu, "Shikamoo!"

Niliganda. Mtu mzima wa kunizaa mara mbili ananiamkia mimi! Nikiitikia marahaba nimemtukana, nikinyamaza pia nimemtukana, na hilo halikuwemo kwenye mada yoyote tuliyosoma. Nikamwambia na mimi shikamoo. Naye, akidhani nimemsahihisha matamshi, akairudia vizuri zaidi. Tukaamkiana mara tatu.

"Kwani mkubwa hapa ni nani?" bibi akauliza.

Nikamweleza yule mama kwa Kiingereza kwamba mimi ni mwanafunzi, huyu ni bibi yangu, na nina kazi ya ukalimani. Alifurahi, akasema na yeye alikuwa mwalimu kabla hajastaafu, na kwamba yuko Haydom kumtembelea rafiki yake. Nikafungua daftari. Nikamwambia bibi aulize chochote.

Bibi hakufikiria. "Ana watoto wangapi?"

Nikauliza, nikajibiwa. Nikakumbuka kanuni ya tatu, nikamgeukia bibi. "Sina watoto," nikasema kwa Kiiraqw fasaha. "Nina mbwa wawili. Wanalala kitandani kwangu."

Bibi akanikazia macho. "Ndivyo mnavyolala huko shuleni?"

"Siyo mimi, bibi. Ni yeye."

"Umesema wewe."

"Ni sheria ya ukalimani. Akisema 'mimi', na mimi nasema 'mimi'."

"Sheria ya nani?"

"Ya mwalimu."

"Basi huyo mwalimu ana mbwa kitandani," bibi akaamua, akanywa chai.

Yule mama akaeleza kwamba wiki iliyopita alipanda Mlima Hanang mpaka kileleni. Nilipolisema hilo, bibi akaweka kikombe chini. Ameishi chini ya mlima ule maisha yake yote.

"Muulize alipoteza nini huko juu. Ng'ombe?"

"Sikupoteza kitu," nikasema kwa niaba ya mgeni.

"Ana ndugu huko?"

"Sina."

"Sasa alifuata nini?"

"Nilitaka kuiona nchi nikiwa juu."

Bibi akafikiri. "Mwambie hivi. Hiyo nchi, si alikuwa amesimama juu yake tayari kabla hajaondoka?"

Hapo nilijaribiwa. Nilitaka kupunguza makali, niseme bibi anakupongeza. Lakini kanuni ya pili ni kanuni, nikaipeleka kama ilivyotoka. Yule mama alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Akasema marehemu mume wake alimuuliza swali hilo hilo kwa miaka thelathini, akafa hajapata jibu. Bibi aliposikia neno marehemu akaacha ukali. Akasogeza sahani ya maandazi upande wa mgeni.

"Na mguu?" akauliza kwa sauti nyingine. "Mguu umefanya nini?"

Mgeni akajibu kwamba wakati wa kushuka aliteleza, na kwamba kuna kitu kimechanika ndani ya goti. Akakitaja kitu chenyewe. *Meniscus*.

Nilifurahi, kwa sababu neno hilo nalijua. Nimelisoma kidato cha pili, maabara, Kemia. Ukiweka maji kwenye bomba la kioo, uso wa maji unapinda katikati kama bakuli, na ule mpindo ndio unaitwa hivyo. Mwalimu wa Kemia alitupiga kalamu kichwani mpaka tukakariri. Ndilo neno pekee la Kemia lililowahi kunifaa.

Nikamgeukia bibi. "Uso wa maji uliopinda," nikasema, "ulioko ndani ya goti langu, umechanika."

"Maji yanachanikaje?"

"Ndivyo alivyosema, bibi."

"Na mimi daktari ameniambia nina maji gotini." Akashika goti lake kwa mikono miwili. "Hakusema kama yanaweza kuchanika."

Akapandisha kitenge, akamwonyesha mgeni goti. Mgeni akakunja suruali, akamwonyesha la kwake. Yale magoti mawili yakawekwa kwenye benchi, moja jeusi moja jekundu, yote yamevimba kama viazi. Bibi akabonyeza la mgeni kwa kidole, mgeni akasema aa! Mgeni akabonyeza la bibi, bibi akasema aa! Wakacheka. Bibi akaanza kumweleza kwa Kiiraqw jinsi linavyouma wakati wa kuinuka asubuhi, na mgeni akawa anaitikia kwa Kiingereza na kuonyesha jinsi anavyoshika ukingo wa kitanda. Bibi akatikisa kichwa, ndiyo, hivyo hivyo.

"Bibi, amesema kwamba..."

"Nyamaza, nimesikia."

Walikaa hivyo karibu saa nzima. Mimi nilikunywa chai yangu, nikaandika kwenye daftari vile vipande vichache nilivyokuwa nimefanya kabla sijaachishwa kazi. Walipoagana walishikana mikono yote minne pamoja na fimbo, na mgeni akampa bibi fimbo yake moja ya chuma, akisema kwa goti lile mlima hataupanda tena. Kesho yake ndani ya basi bibi aliisimamisha katikati ya magoti yake njia nzima, akawasimulia abiria waliotuzunguka habari ya mama aliyepanda mlima bila kupoteza kitu na maji yake yakachanika. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akaapa kwamba kuanzia siku hiyo hapandi hata kichuguu.

Januari nilisoma ripoti yangu mbele ya darasa kwa kujiamini kuliko siku zote. Sentensi ya uso wa maji nilikuwa nimeipigia mstari, maana niliona hapo ndipo ukalimani wangu ulipong'aa. Mwalimu alisikiliza. Kwenye mbwa aliinamisha kichwa mezani, mabega yakawa yanatikisika. Nilipofika kwenye mstari wangu akainua kichwa.

"Una uhakika na neno hilo?"

"Nina uhakika, Sir."

"Mimi sina," akasema. "Twende tukaulize." Akanichukua, na darasa zima likatufuata, mpaka kwa mwalimu wa Biolojia aliyekuwa anakunywa uji wake kwa amani chini ya dirisha la maabara. Yule mwalimu akachukua kijiti akachora goti kwenye vumbi. Akatuonyesha kipande cha gegedu, chembamba, kimepinda kama mwezi mwandamo, kinakaa kati ya mfupa na mfupa. Hicho ndicho kinachochanika. Maji hayahusiki.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimempeleka bibi yangu nyumbani na goti la kioo cha maabara. Mwalimu wangu hakunisema. Aliandika kanuni ya nne ubaoni tuliporudi, kwamba usipojua uliza, na ukijua pia uliza. Akanipa kumi na tatu kwa ishirini, na alama moja ya ziada, akasema, kwa ajili ya bibi.

Pasaka nilipopata ruhusa ya kwenda nyumbani, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtafuta bibi nikamweleza kosa langu. Nilimchorea goti chini kwa kijiti, nikamwonyesha gegedu. Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo yake ya chuma.

"Mwalimu wako alikuwepo Haydom?"

"Hakuwepo."

"Huyo mwingine wa kijiti?"

"Hakuwepo."

"Mimi nilikuwepo," akasema, na akafuta mchoro wangu kwa mguu mzima.

Mtihani wa taifa tuliufanya mwaka uliofuata, na matokeo yakatoka nikiwa nyumbani, msimu wa kuvuna maharage. Mwenzangu wa dawati alipata A ya Kiingereza. Sasa hivi yuko chuo kikuu anasomea sheria, na nawahurumia mawakili watakaokuja kumkatisha maneno. Mimi nilipata B ya Kiingereza, C ya Historia na A ya Kiswahili. Nilipanda kichuguuni nikampigia mwalimu wangu. Alikuwa amehamishiwa shule nyingine mbali, na ilibidi nijitambulishe mara mbili.

"Aa, wewe! Hongela! Kiingeleza ngapi?"

"B, Sir."

"Safi sana. Na Kiswahili?"

"A, Sir."

"Mwalimu wa Kiswahili alikuwa na duala?" akauliza.

"Hakuwa nalo, Sir. Alikuwa anakaa na sisi tu."

"Mm," akasema. "Nitalifikilia hilo." Kisha akaniuliza nataka kusomea nini, nikamwambia ualimu, wa lugha zote mbili. Alicheka kwa furaha, akanitajia vitabu vitatu nivitafute, nikaviandika mkononi kwa kalamu kwa sababu sikuwa na karatasi. Halafu mama akaniita kutoka uwanjani, kwa sauti isiyohitaji mkalimani. Upepo ulikuwa umeinuka vizuri na maharage yalikuwa bado kwenye turubai. Nikamuaga mwalimu, nikatia simu kwenye mfuko wa sketi, nikashuka kupepeta.